Rivyu: matembezi ya siku moja ya John of Gaunt, Leicester mpaka Lincoln, wake zake, hawara wake na watoto

Naanza na jibu kwa wanaouliza kama hela yao haitapotea: haitapotea, nendeni. Nawapa nyota nne kati ya tano. Ingekuwa tano bila wasiwasi kama si mambo mawili ambayo ntayasema vizuri tu huko mbele, moja la spika ya kwenye basi na moja la Constanza, mke wake wa pili huyo John, na hili la Constanza ndo limenikaa moyoni mpaka leo.

Ni matembezi ya siku nzima, asubuhi mnazunguka hapa hapa Leicester kwa miguu, alafu mnapanda minibasi mpaka Lincoln, jioni mnarudishwa. Kampuni ni ndogo, jina siliweki kwa sababu nina malalamiko na wao ni watu wachache wanaojitahidi. Bei ni pauni sitini na kitu kwa mtu mzima, chakula juu yako, na tiketi ya kuingia kanisa kuu la Lincoln unalipa mwenyewe pale mlangoni. Unapewa karatasi kubwa ya ukoo, imechorwa kwa rangi, kila mama na watoto wake wana rangi yao. Hiyo karatasi peke yake ni mali, yangu nimeibandika ukutani jikoni.

Sasa habari yenyewe. Matembezi mengi ya mambo ya kale niliyoenda hapa Uingereza ni vita tu, nani kamkata nani kichwa, ngome ilivunjwa lini, wanawake wanatajwa kwa sekunde mbili kama vile walikuwa wanapita njia. Hawa wamefanya kinyume. Wamemchukua mtu mmoja, John of Gaunt, mtoto wa mfalme Edward III, kazaliwa Ghent mwaka 1340, tajiri kuliko bwana yeyote wa Uingereza wa enzi zake ukimtoa mfalme, na wakaamua kumsimulia kupitia wanawake aliozaa nao. Na mi naona wako sahihi kabisa, maana ukimpima huyu bwana kwa vita utaona hajafanya la kutisha, kampeni zake nyingi ziliisha vibaya, kiti cha ufalme alichokitaka hakukikalia hata siku moja, ila watoto aliowaacha, wa ndani ya ndoa na wa nje, wamekaa kwenye viti vya Ulaya karibu nzima. Kwa hiyo mambo ya ndoa zake usiyachukulie kama umbea wa pembeni, ndo historia yenyewe hiyo.

Mnakutana eneo la ngome ya zamani ya Leicester, pembeni ya kanisa la St Mary de Castro. Ukifika ukategemea ngome yenye minara utasikitika, kilichobaki ni kilima, ukumbi ambao kwa nje umekarabatiwa sana, na malango. Ila yule mama mwongozaji anajua kazi yake. Hakuanza na kuzaliwa, alianza na kifo: jamaa alifia hapa hapa tarehe 3 Februari 1399, akamwacha mjane ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini watu walimjua kama hawara, na wosia wake ukasema azikwe London kanisa la St Paul, pembeni ya mke wa kwanza. Hapo hapo kila mtu akanyamaza kumsikiliza. Mi nilikuwa na wifi yangu, yeye kwao Mombasa, akaninong'oneza, "Wifi, kumbe mke wa kwanza hakusahaulika." Nikamwambia subiri tusikie.

Mke wa kwanza ni Blanche wa Lancaster. Lakini kabla ya Blanche kulikuwa na mwanamke mwingine, Marie de St Hilaire, alikuwa mhudumu wa malkia Philippa mama yake John, na akamzalia binti, nae akaitwa Blanche. Yule mama alimgusia kidogo tu akaendelea, na kwenye karatasi ya ukoo huyu binti hayupo kabisa! Sijapenda. Alikuwa mtoto wa damu, baba hakumkataa, na mwaka 1381 akaolewa na Sir Thomas Morieux. Kama karatasi ina nafasi ya kuchora vile vingao vya rangi basi ina nafasi ya kuandika jina la mtoto wa kwanza wa mtu.

Blanche wa Lancaster walimuelezea vizuri. Ndoa ilifungwa Reading mwezi Mei 1359, bibi harusi bado binti mdogo, bwana harusi kumi na tisa, na walikuwa ndugu wa mbali wote wa uzao wa mfalme Henry III kwa hiyo ikabidi ruhusa itoke kwa Papa. Baba yake Blanche ndo alikuwa Duke wa Lancaster na hakuwa na mtoto wa kiume, mabinti wawili tu, Maud na Blanche. Mwaka 1361 mzee akafa, mwaka uliofuata Maud nae akafa bila mtoto, na mali yote ikaangukia kwa Blanche, maana yake kwa mumewe, na mwezi Novemba 1362 John akapewa cheo cha Duke wa Lancaster. Yani ule utajiri wote unaosomwa kwenye vitabu kuwa ni wa John of Gaunt, Leicester, Kenilworth, Tutbury, Bolingbroke, jumba la Savoy kule London, ulitoka kwa mwanamke. Nilifurahi sana mwongozaji alivyolirudia mara mbili ili watu walisikie.

Walizaa watoto saba, wakabaki watatu: Philippa, Elizabeth na Henry. Blanche alifariki Septemba 1368, bado kijana. Geoffrey Chaucer akamtungia shairi refu la maombolezo. Na huyu Chaucer mkumbukeni maana mke wake ni dada wa Katherine tunayekuja kumzungumzia, kwa hiyo yule mshairi mkubwa wa Waingereza alikuwa shemeji yake hawara wa Duke. Dunia ndogo.

Kuna kitu kimoja kidogo alichotueleza tukiwa bado hapo nje ambacho kwangu ndo kilikuwa bora kuliko vyote vya asubuhi. Kwenye hesabu za mji wa Leicester za miaka ya 1370 kumeandikwa matumizi ya meya, na humo kuna mvinyo aliopelekewa Bibi Katherine Swynford, na baadae farasi, kwa hela ya mji. Umeona hapo? Wazee wa mji walijua kabisa mlango wa kupitia. Mke halali yupo, ana cheo cha malkia, ila zawadi zinapelekwa nyumba ndogo. Sisi tunaotoka kwenye miji ambayo kila mtu anajua ukitaka jambo lako kwa mkubwa uanzie kwa nani hatukuhitaji maelezo ya ziada.

Haya, Constanza. Hapa ndo penye lawama yangu na nitaisema kwa kirefu.

Mnatembea kutoka ngome mpaka eneo la Newarke, na ndani ya jengo moja la chuo kikuu cha De Montfort, huko chini, kuna matao mawili ya mawe yaliyobaki ya kanisa ambalo mke wa pili alizikwa. Kanisa lenyewe lilivunjwa baada ya vyuo vya kidini kufutwa karne ya 16. Mahali panagusa sana, jengo la wanafunzi na katikati yake matao ya miaka mia sita na kitu. Na hapo yule mama alitupa dakika chache tu! Akasema huyu alikuwa mke wa kisiasa, John alitaka taji la Castile, ufalme wa huko Hispania, ndoa haikuwa na mapenzi, haya twendeni basi linasubiri. Jamani. Mtu kalala kwenye mji wetu huu huu, binti wa mfalme, alafu anapewa nafasi kama kituo cha kuchimba dawa?

Ngoja niwaambie ambacho alitakiwa kukisema. Constanza alikuwa binti wa Pedro mfalme wa Castile. Baba yake alipokuwa anahitaji jeshi la Waingereza mwaka 1366 aliwaacha mabinti zake mikononi mwa Waingereza huko Gascony, kusini magharibi mwa Ufaransa, kama dhamana ya deni. Rehani. Mtoto wa miaka kumi na mbili. Mwaka 1369 baba yake akauwawa na ndugu yake wa baba mmoja, Enrique, ambaye nae alikuwa mtoto wa hawara, akachukua ufalme. Kwa hiyo binti kabaki ugenini, hana baba, hana mama maana mama alishakufa tangu 1361, hana nchi, ana dai tu la ufalme. Mwaka 1371 mwezi Septemba ndo John, mjane wa miaka thelathini na moja, akamuoa huko huko Gascony, yeye ana miaka kumi na saba, na mdogo wake Isabel akaja kuolewa na mdogo wake John. John akaanza kujiita mfalme wa Castile na León.

Na hapa pana jambo ambalo hakuna aliyelisema siku ile na mimi nalisema. Mama yake Constanza, María de Padilla, alikuwa hawara wa mfalme Pedro miaka yote, huku mfalme akiwa na mke wa Kifaransa aliyemfungia. María alipokufa, mwaka 1362 mfalme akatangaza kuwa kumbe alimuoa kwa siri zamani, kabla ya yule Mfaransa, na baraza la nchi likakubali, na watoto wakahesabiwa wa halali. Yani lile dai lote la John la kuwa mfalme wa Castile lilisimama juu ya hawara aliyefanywa mke baada ya kufa! Na mwanaume huyo huyo miaka ishirini na tano baada ya kumuoa Constanza anakwenda kufanya hivyo hivyo kwa Katherine na watoto wake, safari hii mama akiwa hai. Mi naamini alijifunza kwenye familia ya mke wake kwamba karatasi ya mkubwa na kibali cha Papa vinaweza kumbadilisha mtoto. Ushahidi wa maandishi sina, ni maoni yangu, lakini aliyeishi na Constanza miaka ishirini na mbili asingeweza kutolijua hilo.

Alafu fikirieni maisha yenyewe ya yule mama wa Kihispania. Anaingia Uingereza mwaka 1372, na mwaka huo huo au karibu yake mumewe anaanza mahusiano na Katherine, mjane mpya, mlezi wa mabinti zake wa mke wa kwanza. Constanza akajifungua binti, Catalina, na aliyetumwa kwenda kumpa mfalme Edward habari njema za kuzaliwa huyo mtoto akapewa zawadi ya fedha alikuwa nani? Katherine. Huyo huyo. Nae kipindi hicho hicho anamzalia Duke mtoto wake wa kwanza. Constanza alipata pia mtoto wa kiume akafa mdogo sana, basi. Mwaka 1386 akapanda meli na mumewe kwenda kudai nchi ya baba yake, wakashuka La Coruña, kampeni ikafa kwa maradhi na njaa, na mwaka 1388 pale Bayonne wakakubaliana: John na Constanza wanaliachia dai, wanalipwa franka 600,000 za dhahabu na pensheni ya franka 40,000 kila mwaka, na Catalina anaolewa na mrithi wa taji, mjukuu wa yule yule Enrique aliyemuua babu yake. Catalina akawa malkia wa Castile. Mjukuu wa Catalina ni Isabel, yule aliyemtuma Columbus mwaka 1492.

Huyo ndo mwanamke aliyepewa dakika chache. Alifia hapa Leicester Machi 1394. Kampuni ikisoma hapa naomba, kateni hata kile kituo cha kahawa, mumpe Constanza nusu saa.

Basi sasa. Minibasi ni safi, siti nzuri, dereva mtu mpole, ila spika inakwaruza na siti za nyuma hamsikii kitu, na njia ni zaidi ya saa nzima ambayo mama anasimulia mfululizo, kwa hiyo waliokaa nyuma walikosa hadithi ya Elizabeth na ilibidi niwasimulie mimi wakati wa chakula. Na hadithi ya Elizabeth si ya kukosa. Huyu ni binti wa pili wa Blanche, mwaka 1380 akaozeshwa kwa Earl wa Pembroke, mtoto wa miaka minane, yeye ana kumi na saba! Baadae kwenye mahakama ya mfalme akakutana na John Holland, ndugu wa mama mmoja na mfalme Richard II, akapata ujauzito. Ile ndoa ya mtoto ikavunjwa haraka na mwaka 1386, baba akiwa kwenye maandalizi ya safari ya Hispania, akafungishwa ndoa na Holland. Duke hakumfukuza binti, alimchukua mkwe wake na safari hiyo ya vita. Wifi yangu akasema baba mwenye Katherine angemgombeza nini huyo mtoto, na mama mwongozaji akacheka na kukubali.

Katherine mwenyewe walimfanyia haki. Alikuwa binti wa Paon de Roet, askari wa Hainault aliyekuja na msafara wa malkia Philippa, kwa hiyo hakuwa mtu wa ukoo mkubwa. Akaolewa na Hugh Swynford, askari mwenye kashamba Kettlethorpe huko Lincolnshire, akazaa nae, na Duke alikuwa baba wa ubatizo wa binti yao mmoja, Blanche. Hili la ubatizo lishikeni maana kwa sheria za kanisa za wakati ule likawafanya John na Katherine kuwa ndugu wa kiroho, na baadae walipotaka kuoana likawa tatizo la kupeleka Roma. Hugh alifia ughaibuni mwaka 1371. Na kwa Duke Katherine alizaa wanne: John, Henry, Thomas na Joan, wakapewa jina la Beaufort, ambalo lilikuwa la milki moja ya Ufaransa ambayo Duke alishaipoteza. Nilipenda mwongozaji alivyoeleza hili, kwamba walipewa jina ambalo haliwezi kugombaniwa mali na watoto wa ndoa.

Kisha 1381. Wakulima wameasi, wameingia London, tarehe 13 Juni wamelichoma moto jumba la Savoy, Duke mwenyewe alikuwa kaskazini anazungumza na Waskoti na hiyo ndo ilimponya. Watawa waandishi wa habari za zamani walikuwa wameshamsema Katherine kila tusi, mchawi, malaya, na Duke akaona ni adhabu ya Mungu, akatubu hadharani na kumwacha. Februari 1382 ikaandikwa hati ya kuachiana madai. Katherine akaenda kuishi Lincoln, nyumba ya kupanga jirani na kanisa kuu. Hapa watu kwenye basi waligawanyika, wapo waliosema alimtosa ili ajiokoe, wapo waliosema ilikuwa geresha tu maana misaada haikukatika. Mi niko kundi la kwanza. Mwanaume akiona moto anamsukuma mwanamke mbele, hilo halijaanza jana, ila namheshimu kwa alichokuja kufanya baadae.

Kettlethorpe msitegemee makubwa, ni lango la mawe la zamani na nyumba ya watu wanaoishi, mnasimama barabarani mnapiga picha mnaondoka.

Lincoln ndo kilele. Kanisa kuu liko juu ya mlima na ukiliona kwa mbali ukiwa njiani unaelewa kwa nini mtu akitaka kuoa kwa heshima aje hapa. Januari 1396, Constanza amefariki karibu miaka miwili, John ana miaka hamsini na tano, afya imeanza kuchoka, angeweza kuoa binti wa mfalme yeyote Ulaya ajipatie nchi nyingine. Akaja Lincoln akamuoa Katherine. Mtu wa damu ya kifalme kumuoa mlezi wa watoto wake, hawara wake wa tangu zamani, ilikuwa haijasikika. Mabibi wakubwa wa pale mjini London walikasirika sana, kwa sababu malkia Anne alishakufa mwaka 1394 na mfalme hajaoa tena, kwa hiyo ghafla Katherine ndo mwanamke wa kwanza wa nchi, anatangulia kuingia mlangoni na wao wanafuata nyuma. Wifi alipiga kigelegele ndani ya kanisa, kidogo tu, mzee mmoja wa pale akatugeukia akatabasamu.

Septemba mwaka huo Papa Boniface IX akaidhinisha ndoa, na Februari 1397 mfalme Richard II akawahalalisha Beaufort wote wanne mbele ya Bunge. Siku chache John Beaufort akawa Earl wa Somerset. Miaka kumi baadae, 1407, kaka yao wa mama mwingine, Henry, ambaye sasa ndo mfalme Henry IV, akathibitisha hati ile lakini akachomeka maneno ya Kilatini kwamba wanapata yote isipokuwa hadhi ya ufalme. Mwongozaji alituonyesha nakala ya picha ya hayo maneno na akatuuliza sisi, je kaka alifanya vibaya? Mjadala ulikuwa mkali. Kwangu mimi Henry aliishi nao vizuri, aliwapa vyeo na kuwategemea, ila ndugu ni ndugu mpaka uingie urithi, na hii tunaijua wote.

Kaburi la Katherine liko karibu na madhabahu kuu, alifariki Mei 1403, na binti yake Joan, aliyefariki 1440, yuko pale pale nae. Msije mkitegemea sanamu nzuri, mwaka 1644 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe askari waliyaharibu, sahani za shaba zilizokuwa na picha na maandishi zikang'olewa, kwa hiyo mnaona majeneza ya mawe matupu juu, bila sura ya mtu. Lakini fikiria hili, na hili ndo lilinifanya nisimame pale muda mrefu wengine wakiwa wameshaenda kutafuta kile kijishetani cha mawe maarufu: kaburi la John na Blanche kule St Paul limepotea, moto mkubwa wa London wa 1666 ulimaliza kanisa zima. Kaburi la Constanza limepotea na kanisa lake. Kati ya wake watatu na mume, aliyebakiwa na kaburi ni yule waliyemwita malaya.

Watoto sasa, hapa karatasi ya ukoo inafanya kazi. Henry wa Blanche alichukua ufalme mwaka 1399 baada ya Richard kumnyang'anya urithi wa baba yake. Henry Beaufort akawa askofu wa hapa hapa Lincoln 1398, kisha Winchester, akaja kuwa kadinali na mkopeshaji mkubwa wa serikali. Thomas akawa Duke wa Exeter. Uzao wa John Beaufort ukamtoa Margaret Beaufort, mama wa Henry VII aliyeshika ufalme 1485, yani lile katazo la 1407 halikuzuia kitu. Joan akaolewa na Ralph Neville akazaa watoto kumi na wanne, mdogo wao wa mwisho Cecily ndo mama wa wafalme wawili, Edward IV na Richard III. Nyie mnaokaa Leicester, yule mfalme aliyefukuliwa kwenye maegesho ya magari mwaka 2012 na kuzikwa upya kanisani kwetu 2015, ni kitukuu cha Katherine! Nimepita pale kaburini mara nyingi na sikuwahi kuunganisha. Na walipopima vinasaba vyake, ile alama inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana haikulingana na ndugu wanaohesabiwa wa ukoo huo walio hai leo, maana yake mahali fulani katika hivyo vizazi kuna baba ambaye si baba. Basi zima lilishangilia.

Lakini kilichonishika mimi na wifi ni Philippa, binti mkubwa wa Blanche. Februari 1387, wakati ule baba yake anatafuta washirika wa vita, akaolewa na João I mfalme wa Ureno pale Porto. Mtoto wao mmoja ni Henrique, yule wanaomwita Baharia, aliyesukuma meli za Wareno zishuke pwani ya Afrika magharibi. Mtoto mwingine ni mfalme Duarte, Duarte kamzaa Fernando, Fernando kamzaa Manuel. Na Manuel ndo mfalme aliyemtuma Vasco da Gama, aliyefika Mombasa na kisha Malindi Aprili 1498. Kilembwe wa John of Gaunt! Wifi alinyamaza kabisa, yeye kakulia anaiona Fort Jesus kila siku, akasema kwa hiyo harusi ya hawa watu ndo ilikuja kutufikia nyumbani. Mwongozaji hakuwa na habari ya Malindi, akaandika kwenye daftari lake palepale na akatushukuru kwa dhati. Hiyo nilimpenda sana, mtu anayejua mengi na bado anakubali kuongezewa.

Mambo ya kawaida: kwa chakula cha mchana mnapewa muda wa saa moja na nusu hapo juu karibu na kanisa, sehemu ziko nyingi ila za halali ni chache upande huo, beba chako. Mawe ya barabarani yanateleza mvua ikinyesha na ile barabara ya Steep Hill ni mwinuko wa kweli, kwa mzee mwenye magoti mabaya mwambie dereva awashushe juu, hawakatai. Watoto chini ya miaka kumi watachoka, ni maneno mengi. Jengo lenye matao ya Newarke ni la chuo, kwa hiyo siku ambazo chuo kimefungwa kampuni inaruka hicho kituo, ulizeni kabla ya kulipa, maana bila hayo matao Constanza hata zile dakika chache hapati. Na ukibuku taka siti za mbele.